Ubongo upimwe, usitazamwe tu

Mwaka 2008 Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilipata kitu ambacho hospitali nyingi za umma kusini mwa Sahara hazikuwa nacho: mashine ya MRI. Haikuwa kubwa wala ya kisasa. Sumaku yake ilikuwa na nguvu ya tesla 0.35, chini ya robo ya mashine za tesla 1.5 zilizozoeleka Ulaya. Lakini ilifungwa mahali ambapo kila msimu wa mvua huletwa watoto ambao malaria imewapanda kichwani na hawajitambui. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wameshindwa kueleza kwa nini mtoto mmoja huzinduka siku ya pili akaomba uji na mwenzake wa kitanda cha jirani hufa, ilhali wote wawili wana vimelea wale wale na wamepewa dawa ile ile.

Jibu lilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la New England Journal of Medicine. Timu ya daktari Terrie Taylor wa Chuo Kikuu cha Michigan State ilikuwa imewapiga picha za ubongo watoto 168. Kati yao, 25 walifariki. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Katika 143 waliopona, wenye uvimbe wa kiwango hicho walikuwa 39. Ubongo ulitanuka ukakosa nafasi ndani ya fuvu, ukakandamiza shina lake linaloongoza pumzi, na mtoto akaacha kupumua. Kwa walionusurika, picha zilizorudiwa zilionyesha uvimbe ukinywea.

Uvimbe ule ulipimwa kwa macho. Madaktari bingwa wa radiolojia walizitazama picha, wakaupa kila ubongo alama kati ya 1 na 8 kwa kuangalia jinsi mikunjo yake ilivyobanana na nafasi za maji zilivyopotea. Kazi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa na ilibadili namna dunia inavyoielewa malaria kali. Hata hivyo iliacha swali ambalo macho hayawezi kulijibu. Uvimbe ni maji, lakini maji hayo yako wapi? Yamejaa ndani ya seli? Yamevuja kutoka mishipani? Au ni damu iliyokwama kwenye mishipa iliyozibwa na vimelea? Kila jibu linadai tiba yake. Picha ya kijivu na nyeupe inaonyesha kwamba ubongo umevimba, ikaishia hapo.

Mjadala wa MRI katika Afrika Mashariki umekuwa ni wa idadi: mashine ngapi, hospitali gani, mkoa upi bado. Ni mjadala halali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu mashine 84 tu katika nchi 11 za Afrika Magharibi zenye watu zaidi ya milioni 370, ilhali Japani ina zaidi ya mashine 50 kwa kila watu milioni moja. Lakini kuna swali la pili ambalo haliulizwi kabisa, nalo ni hili: mashine ikishafungwa, itampa mgonjwa nini? Picha ya kutazamwa, au kipimo cha kile kilichomo ndani ya ubongo wake, yaani maji kiasi gani, mafuta kiasi gani, chuma kiasi gani? Teknolojia ya kutoa kipimo ipo. Imethibitishwa vya kutosha kuanza kudaiwa, na nchi zenye mashine chache na mabingwa wachache ndizo zenye sababu kubwa zaidi ya kuidai.

Jambo la kushangaza ni kwamba MRI ilianza na kipimo kabla ya kuwa na picha. Mwaka 1971 daktari Mmarekani Raymond Damadian alichukua vipande vya nyama ya panya, vingine vyenye uvimbe wa saratani na vingine vizima, akavipima kwa mashine ya maabara. Hakupata picha yoyote. Alipata muda: viini vya hidrojeni katika uvimbe vilichukua muda mrefu zaidi kutulia baada ya kupigwa na wimbi la redio kuliko vile vya nyama nzima. Miaka miwili baadaye Paul Lauterbur akaonyesha jinsi ya kugeuza ishara hizo kuwa picha, kwa kuanzia na vijimirija viwili vya maji. Peter Mansfield wa Nottingham akaifanyia njia hiyo hesabu zilizoiharakisha. Lauterbur na Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian aliachwa, akalalamika hadharani kwa matangazo ya kurasa nzima magazetini.

Ugomvi wa tuzo umeandikwa sana. Kilichosahaulika ni kwamba pamoja na Damadian iliachwa pia namba yake. Picha zilikuwa nzuri mno, za haraka mno, kiasi kwamba hospitali ziliridhika kutazama nini cheupe na nini cheusi.

Weupe huo hauna kipimo. Mgonjwa akipigwa picha Mwanza leo na Dar es Salaam baada ya miezi sita, kwa mashine za kampuni mbili tofauti, hakuna mtu anayeweza kuchukua mwangaza wa doa moja akaulinganisha moja kwa moja na mwangaza wa doa lile lile kwenye picha ya pili. Mwangaza hutegemea sumaku, vifaa vinavyozunguka kichwa na mipangilio aliyoichagua fundi asubuhi hiyo. CT-Scan haina udhaifu huo. Tangu Godfrey Hounsfield alipoivumbua Uingereza, ina kipimo kinachobeba jina lake: maji ni 0, hewa ni −1000, iwe Kisumu au Kyoto. Daktari anaweza kuandika namba, na daktari mwingine nchi nyingine akaielewa. MRI, pamoja na ubora wake wote katika kuonyesha ubongo, imetumika kwa zaidi ya miaka 40 hospitalini bila kipimo cha aina hiyo katika kazi za kila siku.

Namba zenyewe zinatoka wapi? Ubongo umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina hidrojeni mbili. Kiini cha hidrojeni hutenda kama sumaku ndogo. Ndani ya mashine viini hivyo hujipanga kufuata sumaku kubwa. Wimbi la redio linapopigwa huyumba, na linapokatwa hurudi mahali pake. Muda wa kurudi hutegemea majirani. Maji yaliyo huru, kama yale yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, hurudi polepole: katika mashine ya tesla 3 huchukua karibu sekunde 4. Maji yaliyobanwa karibu na mafuta na protini hurudi upesi. Katika sehemu nyeupe ya ubongo, ambako nyuzi za neva zimefunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, muda huo ni kama sekunde 0.8 hadi 0.9. Sehemu ya kijivu, yenye seli nyingi na mayelini kidogo, iko katikati.

Kwa hiyo muda unasimulia muundo. Sehemu ya kijivu ina maji yapatayo asilimia 80, sehemu nyeupe kama asilimia 70. Kinachobaki ni mafuta, protini na vinginevyo vinavyojenga seli. Mayelini ikiharibika, maji huongezeka na muda hurefuka. Mtoto anapokua na ala zake zikijengwa, muda hufupika. Mabadiliko haya huanza kabla jicho la daktari halijaona doa lolote.

Tatizo moja ni kwamba muda huo hubadilika pia kwa nguvu ya sumaku, hivyo sekunde za Blantyre si sekunde za Boston. Hapo ndipo kazi iliyochapishwa mwaka 2013 na Aviv Mezer, Brian Wandell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford ilipoleta hatua kubwa. Walipima kiasi cha maji katika kila nukta ya ubongo, wakakitoa kwenye jumla, wakabaki na ujazo wa vitu visivyo maji. Ujazo huo haujali sumaku ina nguvu gani. Ni sehemu ya ubongo yenyewe, kama vile uzito ni wa mtu na si wa mizani. Njia nyingine nazo zimekomaa. Alex MacKay na wenzake wa Vancouver, Kanada, walionyesha mwaka 1994 kwamba maji yaliyonaswa katikati ya matabaka ya mayelini yanaweza kutenganishwa na maji mengine, kwa sababu ishara yake hufifia upesi sana, ndani ya milisekunde zisizofika 50. Denis Le Bihan wa Ufaransa alikuwa ametangulia mwaka 1986 kwa picha za mwendo wa maji ndani ya ubongo, njia ambayo leo huonyesha kiharusi ndani ya dakika chache tangu kianze. Na chuma, ambacho Waswidi Hallgren na Sourander walikipima mwaka 1958 katika bongo za marehemu wakaona kinavyoongezeka kwa umri, sasa kinaweza kukadiriwa kwa mtu aliye hai, kwa kuangalia jinsi kinavyoivuruga sumaku.

Mifano ya mbali inatosha. Ulio karibu zaidi uko Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa makadirio yanayotumika nchini, Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Wazazi huujua ugonjwa huu kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Wachache huambiwa kwamba unashambulia ubongo pia, mara nyingi kimya kimya: mtoto hapoozi mkono wala mguu, ila darasani anabaki nyuma, anasahau, anachoka kufikiri, na mwalimu anamwita mvivu. MRI ya kawaida huonyesha makovu madogo kwa baadhi yao. Kwa wengine picha inatoka safi. Mwaka 2020 watafiti wa Dar es Salaam na wenzao wa London walichapisha katika jarida la Stroke vipimo vya mwendo wa maji katika sehemu nyeupe ya ubongo wa watoto wa Kitanzania wenye selimundu. Vilionyesha kwamba uharibifu wa nyuzi unahusiana na upungufu wa damu, na kwamba hauishii kwenye makovu yanayoonekana kwa macho. Maana yake ni nzito. Mtoto aliyerudishwa nyumbani na ripoti inayosema ubongo wake hauna tatizo anaweza kuwa na tatizo linalopimika, na huenda sababu yake ni upungufu wa damu, jambo ambalo dawa kama haidroksiyurea na kuongezewa damu vinaweza kulipunguza.

Ripoti ya namna hiyo si uongo wa daktari. Aliandika alichokiona. Kosa ni la mfumo unaomtaka aone tu.

Katika kliniki ya mama na mtoto hakuna muuguzi anayemtazama mtoto akaandika "mnene kiasi". Anampima kwa mizani, anaandika kilo, anaweka nukta kwenye mchoro wa kadi, na mama asiyejua kusoma anaona mwanawe anapanda au anashuka. Mchoro huo nao haukuanguka kutoka mbinguni. Viwango vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na kuwapima watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wa Accra na Muscat walikuwamo tangu mwanzo. Hakuna anayeweza kusema kadi ile ni ya Wazungu.

Ubongo bado haujapata kadi ya aina hiyo. Aprili 2022 jarida la Nature lilichapisha michoro ya ukuaji wa ubongo katika maisha yote ya binadamu, iliyojengwa kwa picha 123,984 za watu zaidi ya 100,000, kuanzia mimba hadi miaka 100. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba data zao zimeelemea Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Waafrika ni wachache mno. Hospitali ya Nairobi au Dodoma ikianza kesho kutumia programu inayosema ubongo wa mtoto huyu uko chini ya wastani, wastani huo utakuwa wa nani? Mtoto wa hapa ameugua malaria, pengine alizaliwa njiti, pengine ana minyoo na upungufu wa chuma. Au ni mzima kabisa ila ametofautiana na mtoto wa Minnesota kwa njia ambazo hakuna aliyezipima. Kipimo kisicho na kiwango cha hapa kinaweza kumpa mtoto mzima ugonjwa na kumnyima mgonjwa tiba. Hii ndiyo sababu ya kuanza kupima sasa. Kusubiri kununua viwango vilivyotengenezwa kwingine ni kuchagua makosa hayo kwa hiari.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kisayansi. Mwaka 2015 Nikola Stikov na wenzake walilinganisha njia tatu maarufu za kupima muda wa kurudi kwa viini katika ubongo wa watu wale wale. Katika sehemu nyeupe, majibu yalitofautiana kwa zaidi ya asilimia 30. Namba inayobadilika kiasi hicho kwa kubadili njia tu haiwezi kuingia kwenye faili la mgonjwa bila maelezo. Dawa yake inajulikana: mashine zipimwe nazo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha wataalamu wa MRI, imetengeneza tufe la plastiki lenye vitufe vidogo vya vimiminika ambavyo thamani zake zinajulikana. Tufe huwekwa ndani ya mashine kama kichwa cha mgonjwa, na majibu yake huonyesha kama mashine inasema kweli. Mamlaka ya vipimo ya kila nchi ya ukanda huu hukagua mizani za sokoni ili mnunuzi wa sukari asipunjwe. Mizani ya ubongo inastahili angalau uangalizi huo.

Hoja ya pili ni ya muda. Zamani kupima vitu hivi kulimlaza mgonjwa ndani ya mashine kwa muda mrefu, na foleni za MRI katika hospitali za rufaa tayari zinajulikana. Hali imebadilika. Watafiti wa Linköping, Sweden, walionyesha mwaka 2008 kwamba skani moja ya dakika chache inaweza kutoa vipimo kadhaa kwa pamoja, na kutokana na vipimo hivyo kompyuta ikaunda zile picha za kawaida ambazo daktari amezizoea. Mwaka 2013 Dan Ma, Mark Griswold na wenzao wa Cleveland wakaleta njia ambayo mashine hubadilisha mapigo yake ovyo kwa makusudi, kisha kompyuta ikatafuta katika kamusi ya ishara ni mchanganyiko gani wa sifa unaofanana na kila nukta. Namba na picha zinaweza kutoka katika ulazaji mmoja.

Ya tatu ndiyo inayouma: hospitali isiyo na glovu ina haja gani na asilimia za maji ya ubongo? Anayeiuliza ana haki ya kuiuliza. Lakini MRI tayari zinanunuliwa, kwa fedha za umma na kwa mikopo ambayo wananchi watailipa. Swali ni kama fedha hiyo itanunua nusu ya uwezo wa mashine au uwezo wote. Na penye mabingwa wachache wa radiolojia, kipimo kinachoweza kusomwa na daktari wa kawaida wa wilaya akiwa na kiwango cha kulinganishia kina thamani kubwa kuliko penye mabingwa kila ghorofa. Namba haitoi utambuzi peke yake, kwa kuwa maji yaliyoongezeka yanaweza kuwa uvimbe, saratani au mayelini iliyomomonyoka. Inamwambia daktari atazame wapi, na kama hali ya leo ni afadhali kuliko ya mwezi uliopita.

Uganda imeshaonyesha njia mara mbili. Mashariki mwa nchi, mjini Mbale, Hospitali ya Watoto ya CURE inatibu watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji, wengi wao baada ya maambukizi ya utotoni. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 100 wa hapo, waliogawanywa kati ya upasuaji wa kuweka mrija na ule wa kufungua njia ya maji kwa kamera. Watafiti hawakutosheka kuangalia kama kichwa kimepungua. Walipima ujazo wa ubongo wenyewe na ukuaji wa akili, na baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Hilo liliwezekana kwa sababu kilichopimwa ni ubongo na si mwonekano. Walitumia CT-Scan, ambayo humpiga mtoto mionzi kila mara. MRI haina mionzi hiyo.

Magharibi, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, timu ya mhandisi Johnes Obungoloch na washirika wake wa Uholanzi na Marekani ilifanya jambo ambalo lingepaswa kutangazwa kila shule ya sekondari ya ukanda huu. Vipande vyote vya mashine ndogo ya MRI ya tesla 0.05 vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi, na watu sita wasio na uzoefu, wakielekezwa na wakufunzi wanne, wakaiunganisha papo hapo. Tangu mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Sumaku yake ina nguvu ya moja ya thelathini tu ya mashine ya kawaida ya tesla 1.5, na picha zake hazina ukali ule. Lakini maji ya ubongo hayabadiliki kwa sababu sumaku ni dhaifu. Mradi wa kimataifa wa UNITY, unaofadhiliwa na wakfu wa Gates, unatumia mashine ndogo za tesla 0.064 kupima ukuaji wa ubongo wa watoto katika nchi kadhaa, Malawi na Afrika Kusini zikiwamo.

Wizara za afya za Afrika Mashariki zina nguvu moja ambayo watafiti hawana: zinaandika zabuni. Zabuni inayofuata ya MRI inaweza kutaja kwamba mashine ije na programu za kutoa vipimo, kwamba ije na tufe la ukaguzi, na kwamba data ghafi zihifadhiwe katika muundo ambao hospitali inaweza kuusoma bila kumpigia magoti muuzaji. Inaweza kutaka wahandisi wa vifaatiba wa hospitali husika wafundishwe kuikagua kila wiki, maana mashine nyingi hufa kwa kukosa fundi wa karibu. Na vyuo vya Muhimbili, Makerere, Nairobi na Kigali vinaweza kukubaliana utaratibu mmoja wa kupima, kisha vikaanza na watoto wazima mia chache wa kila nchi, kwa ridhaa ya wazazi wao, huku data zikibaki chini ya mamlaka ya nchi walikozaliwa. Kazi hiyo ni ya miaka kadhaa. Watoto wa selimundu walio darasa la kwanza sasa watakuwa sekondari ikikamilika, na wadogo zao ndio watakaokuwa wa kwanza kupigwa MRI yenye kiwango kilichopimwa kwa watoto wa kwao.